Hitaji Namba Kumi na Nne

Jumatatu, 3 Machi

Nimekunywa uji, nimenoa jembe, naandika. Kila siku hivyo. Nina miaka sabini na tisa. Nimezika wake wawili, kaka zangu wote, na mwalimu wa ngumbaru aliyesema mkono wangu ni wa jembe tu, kalamu hautaiweza. Kalamu hii hapa. Yeye yuko wapi.

Leo sikwenda shamba. Binti yangu Redempta, ninayekaa kwake hapa mjini, kata ya Chanji, alisema kuna mkutano ukumbi wa kata, wanatafutwa wakulima wazee wanaojua kazi. Nikamwambia anayejua ni mmoja. Nikavaa koti.

Kumbe ni mambo ya angani! Wahandisi wa chuo wanataka kuunda setilaiti. Chombo kidogo, kinaenea kwenye kreti ya soda. Kitarushwa juu kizunguke dunia, kipige picha mashamba yetu. Mkubwa wao ni mwanamke, Mhandisi Felista. Mpole, lakini hayumbishwi. Amesema bado hawajakata hata bati. Kwanza wanaandika mahitaji, yaani chombo lazima kifanye nini. Lisiloandikwa halitaundwa. Ndiyo wamekuja kutuuliza sisi.

Sisi! Mimi Polikarpo naulizwa jicho la angani lione nini! Moyo unapiga kama wa mtu anayekwenda kuchumbia.

Ninalo la kuwaambia. Ramani ya zamani, iliyochorwa kwa picha za juu, ilisema shamba langu la mlimani, ekari tano, ni pori. Pori! Na kamati ya ardhi ya kijiji inatafuta eneo la malisho. Imesema itangoja ramani ya chombo hiki kipya. Kikisema pori tena, shamba limekwenda.

Jumanne, 4 Machi

Nilisimama wa kwanza. Nikasema, andika: chombo kione vizuri. Felista akauliza, "Vizuri kiasi gani, babu?" Nikasema vizuri, kama mtu mwenye akili zake. Watu wakacheka. Yeye hakucheka, wala hakuandika. Akasema kila hitaji ni sentensi moja, lina namba yake, lina neno "lazima", na mtu mwingine aweze kulipima akasema ndiyo au hapana. "Vizuri" haipimiki.

Nilikasirika. Kisha nikapenda. Watu wote wangesema hivyo dunia ingenyooka. Redempta akisema "nakuja sasa hivi", apimwe.

Nikawafundisha ntumba, matuta ya mviringo ya sisi Wafipa. Hawajui kitu. Mvua zikikaribia kwisha, udongo ungali laini, tunang'oa nyasi na mizizi yake kwa jembe, tunazirundika, tunafunika udongo juu. Zinaozea humo. Juu tunapanda maharage. Msimu unaofuata tunazibomoa na kutawanya udongo, tunapanda ulezi. Mbolea ya dukani ya nini. Lakini kabla ya hapo shamba hupumzika miaka, nyasi zinafika kifuani. Ile picha ya zamani iliziona nyasi ikasema pori. Haikungoja jembe.

Felista akauliza, ntumba moja ina upana gani? Ukumbi mzima unaniangalia. Nikapiga hatua tatu kubwa, toka kiti cha mwenyekiti mpaka dirishani. Nikasema za wengine sijui, zangu ni hivi.

Masanja akakohoa. Ni Msukuma, anachunga jirani na shamba langu, ntumba zangu anazijua. Nikamkazia macho. Akavuta kofia machoni.

Felista akaandika. Hitaji namba kumi na nne. Limetoka kinywani mwangu!

Jumatano, 5 Machi

Majivu. Nimepakwa, nikatoka kanisani nikamwambia kila niliyekutana naye habari ya namba kumi na nne. Katekista. Muuza mitumba. Kijana wa bodaboda, amesema "Babu, we noma." Ni sifa hiyo. Nimetembea mjini kote kifua mbele.

Ijumaa, 7 Machi

Felista ametusomea hati nzima. Namba kumi na nne: "Chombo lazima kitambue kitu kilichopo ardhini chenye upana wa mita tatu." Makofi. Nikasimama, nikainua mkono.

Mtu akauliza, na kitu kidogo kuliko hapo? Felista akasema hakitaonekana. Kitamezwa na nyasi, picha itatoka kijani tupu. Kamera ya mita tatu wanaiweza. Akanigeukia, "Bahati ntumba zenu ni kubwa, babu."

Nikashusha mkono, nikakaa.

Jumanne wanafunga hati. Ikishafungwa, kuibadili ni shughuli pevu, kwa sababu kila kifaa kinaundwa kwa kufuata namba hizo. Kamera, betri, kila kitu.

Ntumba zangu si hatua tatu. Hata mbili hazifiki. Nilitaka sifa. Sasa uongo wangu una namba yake, na shamba langu litakuwa pori kwa mdomo wangu mwenyewe.

Jumamosi, 8 Machi

Nimepata dawa! Sibadili hati. Nabadili ntumba. Wameandika mita tatu, watapata mita tatu. Nani alisema haiwezekani?

Nimepanda mlimani alfajiri. Nimechimba mpaka saa kumi. Nyasi za ntumba kumi zimeingia kwenye moja. Mgongo umekufa, roho imefurahi.

Masanja akapita na ng'ombe wake. Akasimama kitambo.

"Shikamoo, Mzee Polikarpo."

"Marahaba."

"Pole na msiba. Unazika tembo?"

Nikamwambia aswage ng'ombe wake aende. Akasema na ndugu za marehemu wakifika, ekari tano hazitatosha. Akaenda anacheka peke yake. Nikikasirika nachimba vizuri zaidi.

Jumapili, 9 Machi

Mvua. Baada ya misa nimekwenda kuangalia. Imebomoka. Udongo haukutosha kufunika, nyasi zimetoka katikati, mbichi, hazitaoza. Maharage hayashiki pale. Wazee hawakukosea, upana wa ntumba ni pale jembe linapofika ukiwa umesimama. Mjinga ni mimi. Nimeandika, sifuti.

Jumatatu, 10 Machi

Nimechukua futi ya Redempta ya kushonea. Nimepima ntumba ishirini. Kubwa kuliko zote, mita moja na robo.

Redempta akauliza futi yake imepata wapi udongo. Nikamweleza yote. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaikung'uta futi.

"Kesho utasema, baba?"

Nikasema sisemi. Tangu nizaliwe sijasimama mbele za watu nikasema nilidanganya.

Akasema, "Basi nunua ng'ombe. Malisho utakuwa nayo karibu."

Mtoto huyu ana mdomo. Kaupata kwangu.

Jumanne, 11 Machi

Nimesema.

Nilisimama kabla mkutano haujafunguliwa. Nikasema namba kumi na nne ni uongo, na mwenye uongo ni mimi. Mita moja na robo, nimepima kwa futi. Ukumbi ukapasuka. Masanja alicheka mpaka kofia ikaanguka. Nilisimama tu. Masikio yalikuwa ya moto.

Felista hakucheka. Akasema kamera ya kuona mita moja haiwezi kuingia kwenye chombo kile, ni nzito. Kwa hiyo hitaji lifutwe.

Lifutwe! Shamba langu, na la kila Mfipa anayelima ntumba!

Nikasema sikai. Mwenyekiti akasema, "Mzee, kaa." Nikasema sikai. Nikamuuliza Felista, nani alikwambia utafute ntumba? Akasema, "Wewe, babu." Nikasema basi nilikosea mara mbili. Mimi nikitaka kujua kama mtu wa ng'ambo ya bonde amelima, sihesabu ntumba zake. Macho yangu hayafiki. Natazama rangi. Juzi mlima ulikuwa kijani, leo una kipande cha udongo. Nyasi zimekwenda chini. Mwezi huu nyasi za pori ni mbichi, haziungui, hazikauki. Zikipotea, kuna mtu na jembe.

Felista akauliza, "Na ng'ombe wakizila?"

Masanja akasimama. Yeye ndiye angepata malisho. Akasema, "Ng'ombe wangu hawali kwa kona nne kama shamba, mama. Hicho akisemacho mzee ni kweli. Leo ni kweli." Watu wakacheka tena. Hata mimi.

Felista akafungua upya kompyuta yake. Vidole vinakimbia! Akauliza ekari moja hugeuka rangi kwa siku ngapi. Mdomo ukafunguka nijibu siku tatu. Nikaufunga. Nikasema waulize wote, mmoja mmoja. Wakaulizwa. Wakakubaliana, kwa mtu mmoja ni kama wiki tatu. Akauliza mawingu. Tukasema asubuhi, maana mchana hujaa. Mabishano! Kila mtu amesimama, mwenyekiti anagonga meza, hakuna anayesikia. Sijafurahi hivyo tangu nioe.

Sasa inasomeka hivi: "Chombo lazima kitambue eneo la ekari moja lililogeuka kutoka nyasi kuwa udongo." Hiyo ndiyo kumi na nne. Kumi na tano, lazima kirudie picha ya shamba lilelile kila siku kumi, Februari mpaka Aprili. Kumi na sita, lazima kipite asubuhi kabla ya saa tano. Aliligawa hitaji kuwa matatu, anasema kila sentensi ibebe jambo moja.

Nikauliza, na mtapimaje kama ni ndiyo au hapana? Akasema linahitajika shamba la majaribio, linalojulikana limelimwa lini na nani. Nikasema lipo. Ekari tano, mlimani. Na safari hii, nikamwambia, njoo upime mwenyewe.

Amekuja mchana huohuo na viatu vya mjini. Amepima. Ekari nne na nusu. Nimemwambia aandike hivyohivyo. Limeandikwa kwenye hati: shamba linalolimwa kwa ntumba. Mwenyekiti wa kamati ya ardhi ameona, amesema basi hawaligusi mpaka chombo kiseme.

Ijumaa, 21 Machi

Nimefunika ntumba sita. Mgongo unauma kidogo. Maharage ya wiki iliyopita yameanza kuchungulia.

Wahandisi wameshaondoka. Felista alisema kuunda kutachukua miaka, na kurusha ni foleni. Huenda sitakuwepo. Shamba litakuwepo.

Ukungu uliondoka saa tatu. Nikasimama nikatazama juu. Hakuna kitu, anga tu, safi. Nikaendelea na kazi.

Hayo ndiyo yaliyotokea, na ya aibu nimeyaacha humo. Mhandisi Felista anayajua, hati anayo. Binti yangu Redempta anayajua. Na Masanja alikuwepo ukumbini siku zote. Anayetaka kupima maneno yangu akamuulize, asubuhi anapatikana chini ya mlima, upande wa kijito.