Fuwele Nilizozitupa

Tata, baba yangu,

Nakuandikia nikiwa na hasira, na ni wewe uliyenikasirisha. Usiniulize marehemu anakasirikiwaje. Ndiyo hivyo tu.

Unakumbuka kule kituo cha chai Ikonge, tulivyokuwa tukimwaga majani juu ya gunia na kuyachambua kabla karani hajafika? Majani mawili na chipukizi, basi. Nikipitwa na jani moja gumu, ulilichomoa ukaliinua watu wote waone. "Kemunto, hili ni la ng'ombe?" Watu walicheka! Nilitamani ardhi inimeze.

Haya, mkono ukazoea. Siku hizi nafundisha fizikia chuoni hapa Kisii, na kwa ajili ya shahada yangu ya uzamifu nakuza fuwele nyembamba, zenye matabaka kama kurasa za kitabu. Ukizipoza sana, elektroni zilizo ndani hujipanga mistari mistari. Natafuta huo mpango unaanzia wapi. Tanuri linakula wiki tatu kutoa fuwele chache tu. Na kwa miaka miwili, kila ambayo vipimo vilionyesha imekosa atomu hapa na pale, niliitupa. Zilizo safi ndizo nilizotuma ng'ambo, kwa wenye hadubini inayoona atomu.

Mwezi uliopita msimamizi wangu akapiga simu. "Hizi safi hazituambii kitu. Pale atomu inapokosekana ndipo elektroni huanza kujipanga, hata kabla kwingine hakujapoa vya kutosha. Zile mbovu ziko wapi?"

Ziko wapi! Ziliishia kwenye pipa la taka, Tata, na shahada yangu pamoja nazo. Nilimwambia ukweli. Akanipa muhula mmoja wa kukuza nyingine, hakuna nyongeza.

Mbona hukuniambia kuna kazi ambayo jani gumu ndilo linalotafutwa? Najua, ungejulia wapi. Lakini nimeshasema nina hasira, sitaki kuelewa mambo leo.

Jana tulifungua tanuri. Fuwele ya kwanza niliyoipima ilikuwa na dosari tele, hiyo hiyo niliyokuwa nikiiomba kwa Mungu, na mkono wangu ukaanza kuipeleka pipani. Nikaudaka kwa mkono wa pili, mbele ya wanafunzi wangu, nikaangua kilio. Walidhani fuwele imevunjika. Kumbe ni wewe niliyekuwa nimekukosa.

Pumzika, Tata. Bado sijakusamehe.

Binti yako