Zamu Yangu ya Kuomba

Bibi mpendwa,

Hili sijamwambia mtu mwingine: tangu tumzike Mama, sijaweza kuomba. Ninafumba macho na wenzangu, basi. Hapa Kansanga tunakusalimu sote, na mdogo wangu anakuulizia kila siku.

Uliuliza kama bado ninakwenda kwenye ushirika wa maombi. Jumatano iliyopita tulikutana kwa Mama Riziki, muuza vitenge. Baba alikuwa kazini. Unajua kwetu kila mtu huomba kwa sauti, kwa zamu, kuzunguka chumba. Mama Riziki aliponiona nimejibana mlangoni akasema, "Njoo ukae, mtoto. Mlango huo hauhitaji askari." Watu wakacheka.

Zamu yangu ilipofika, sauti haikutoka. Ndipo Mama Riziki akanishika mkono, akaomba kana kwamba yeye ndiye mimi: "Baba Mungu, mimi Furaha ninamlilia mama yangu, nawe nimekukasirikia."

Sikuwahi kumwambia hayo. Wote wakaitikia amina bila kunitazama, na aliyefuata akaendelea.

Bado siwezi kuomba, Bibi, lakini Jumatano nitarudi. Baba husema imani yangu ndiyo inayomwamsha asubuhi. Kwa hiyo, tafadhali, usimwambie.

Mjukuu wako,
Furaha