Watalii wa Vyama Viwili, Bidiya

Kaka Nassor, shikamoo, na salamu kwa wifi na watoto katika baridi yenu ya Toronto.

Shangazi Zuwena nimemkuta mzima hapa Bidiya, Omani, ila kila tukikaa kula anataka nikwambie uhamie huku. Televisheni yake ya dishi imemtia hofu: mijadala ya Marekani, watu wakikatizana, na kura za maoni kwamba hata Kanada Waislamu hawatakiwi.

Jana watalii wa Kanada, mume na mke, walipata pancha mbele ya lango letu. Shangazi akawakaribisha kahawa, tende na halua, kisha akaniambia, "Waulize wanapigia kura chama gani."

Niliona haya, lakini nikauliza. Mke anaunga mkono serikali, mume upinzani. "Siku ya kura tunakwenda gari moja," mume akasema, "kura zetu zinafutana, tunarudi kula pamoja."

"Na wanangu walioko Toronto je, Wakanada wanawataka?" Shangazi akauliza.

Nilipotafsiri, yule mke aliweka kikombe chini akamshika Shangazi mkono. "Jirani yetu ni Mwislamu. Nilipougua, yeye ndiye aliyenipikia."

 Shangazi alinyanyuka akazima televisheni, akawapakulia wali na samaki wa Sur, akawasimamia mpaka wakashiba.

Leo asubuhi ananiambia, "Mwambie Nassor abaki na kazi yake. Lakini sikukuu ya Idi ikifika aje, nimuone."

Alhamdulillahi kwa pancha ile, kaka. Wabusu watoto, na ukate tiketi mapema.

Mdogo wako akupendaye,
Salma