Alama za Mashine ya Mwanza

Jumanne, 15 Januari 2002
Lori la dawa ya pamba linakwenda Lagangabilili Ijumaa. Amesema mtunza ghala wa kampuni ya pamba. Jina lake siliandiki hata hapa. Dawa imepitwa na wakati, lebo ni mpya. Kanipa orodha ya mzigo kwa mwandiko wake, nimeiskani. Kampuni ikiiona, kwisha habari yake.

Barabara ya Lamadi imekatika kwa mvua, basi la Mwanza hakuna. Faksi ya dukani situmii tena: habari yangu ya mwisho ilijadiliwa sokoni kabla mhariri hajaisoma. Imebaki kompyuta niliyoachiwa na bwana shamba wa Kidenishi. Mfumo wake Bariadi nzima hakuna anayeufahamu. Ila ina programu ya kutuma mafaili kwa msimbo, njiani hayasomeki.

Jumatano, 16 Januari
Nimeiunganisha kompyuta kwenye simu ya Mama Limi, mwenye duka. Mashine ya gazeti, Mwanza, imeitika. Programu ikauliza: alama hizi za utambulisho, jozi kumi na sita za herufi na tarakimu, ni za mashine unayoitaka kweli? Sijui. Anayejua ni Masanja, fundi wa gazeti, aliyemwoa mdogo wangu. Nikazinakili, nikakata, nikampigia. Dakika tatu, ndizo nilizolipia.

Kwanza salamu za Kisukuma: mwadila, shemeji. Watoto. Wakwe. Mvua. Ng'ombe. Shemeji hakatizwi. Muda ukaisha tukiwa kwenye ng'ombe. Hasira.

Alhamisi, 17 Januari
Masanja kanisomea alama kwa simu. Jozi ya kwanza haifanani na niliyonakili. Ya pili pia.

"Shemeji, andika ndiyo basi! Kompyuta haing'ati."

Sikuandika. Huenda iliyoitika si mashine yetu. Nimezima. Mtunza ghala kapita dukani mara mbili, hanunui kitu. Sikula.

Ijumaa, 18 Januari
Masanja kapiga saa moja asubuhi, bila salamu. Jana alisoma karatasi ya zamani iliyobandikwa ukutani. Mashine ilibadilishwa baada ya kupigwa na radi. Tumesoma jozi zote, moja moja. Zimelingana. Nikaunganisha tena, nikaandika ndiyo.

Faili limefika saa mbili na robo. Lori liliondoka saa mbili.

Jumamosi, 19 Januari
Mhariri amesema orodha imechapwa upya, yenye mwandiko imefutwa. Mtunza ghala yuko kazini. Tumepishana sokoni kama watu wasiojuana.

Dawa iko stoo Lagangabilili, haijagawiwa kwa wakulima. Mkaguzi wa dawa, aliyearifiwa na mhariri, anatoka Nyalikungu Jumatatu. Atafungua stoo saa tatu asubuhi.