Sehemu ya Kukusanya Watu

Jumapili, Gatuanyaga

Hakuna aliyekuja. Chapati zimepoa kwenye sufuria na mami bado hajaoga, kwa sababu tangu avunjike nyonga hainuliwi na mtu mmoja.

Dadangu Wambui ana gari, na Membley anakoishi si Ulaya. Amesema watoto wana mtihani. Kaka yetu Kamau, wa Ruiru, ametuma kwenye grupu ya familia ile emoji ya mikono ya maombi. Mimi ndiye fastiboni, kifungua mimba, eti nikiita wataitika.

Nimeangalia tena ile filamu ya wezi wenye suti. Wambui hunicheka, mtu wa kanisa kupenda wezi. Sijawahi kumwambia kwamba wizi wenyewe siutazami. Naangalia mwanzo tu, pale kiongozi anapozunguka akikusanya watu wake. Anamwambia mmoja, "Kuna kazi," na huyo anaweka kikombe chini, anachukua koti. Mwingine ametoka jela asubuhi hiyo hiyo, na anakuja. Wakishakaa wote mezani, nazima simu.

Leo nimeirudia mara tatu. Kisha nikajaribu kumwinua mami peke yangu. Akateleza, akalia, nikamrudisha vile vile kwenye shuka iliyolowa.

Amelala akiangalia mlango. "Wamefika wapi?"

Mchana nilimwambia wako Ruiru. Saa hii nimemwambia Juja, ni jam ya magari tu. Baada ya Juja ni Thika, na baada ya Thika ni hapa.