Farasi Anayebaki na Watoto

Urakawa, Oktoba

Mwanangu Tatsuro,

Hujambo? Mimi shangazi yako mzima, ila tangu mwondoke mvua haijakatika na mwani niliouanika umelowa wote. Mwambie mchumba wako Chinami picha alizopiga za milima na nyua zetu nyeupe nimezipata.

Nilifurahi mlipokuja, ingawa mlikuja wiki ya kuwaachisha watoto wa farasi kunyonya. Mama zao walipokuwa wakiondolewa mmoja mmoja, Chinami aliziba masikio kwa vile vilio. Kisha akamwona Suzu, yule jike mzee asiyezaa, watoto wamemganda kila upande.

"Huyu ndiye mama yao?"

Ukacheka. "Wapi! Huyo analinda tu."

Hukukosea. Hapa sote tunasema hivyo, hata mimi. Lakini nilikuwa nyuma yenu na ndoo ya karoti, nikajifanya natengeneza komeo la lango.

Ulikuwa na miaka minne mama yako alipohamia mjini Sapporo, akakuacha kwangu. Ulikuwa hulali mpaka ushike mkono wangu.

Kadi ya harusi imefika, pamoja na mpangilio wa viti. Nimeona mama yako umemweka mahali pa mama, na mimi nitakaa na majirani wa shambani. Nitakuja, usiwe na wasiwasi. Ungeniuliza tu kabla ya kumpa kiti hicho, ningekubali.

Hujawahi kumwona Suzu watoto wakishapakiwa kwenye lori. Hushinda langoni, hata karoti hagusi.

Salamu kwa Chinami.

Ni mimi Fusae,
niliyekuwa nalinda tu.