Uso Alioondoka Nao Atupele

Jumatatu, 9 Juni

Madaftari ya darasa la sita bado. Vidole vimekufa ganzi kwa baridi, nimesahihisha nusu nikaacha. Ukungu tangu asubuhi. Baba amenyoa ndevu, amefagia uani mwenyewe, amekata mkungu wa ndizi. Atupele anafika kesho kutoka Korea. Alikwenda kusoma, akapata kazi ofisini, hajarudi tangu hapo. Siku hizi simu za video hataki. Anasingizia mtandao.

Baba hamsubiri mdogo wangu. Anamsubiri mama. Atupele na marehemu mama walikuwa shilingi kwa ya pili: pua ile pana, taya ile ya mraba. Mimi nilifanana na upande wa baba. Ninaona wivu. Nimeuona tangu msiba.

Jumanne, 10 Juni

Stendi nilimpita. Nilimpita kabisa, nikaendelea kuchungulia kwenye basi.

"Dada Subi."

Sauti yake. Nikageuka, nikamtafuta nyuma ya mwanamke aliyesimama pale.

Pua nyembamba, imenyooka. Taya imechongwa, kidevu kimekuwa kama punje ya mchele. Ni mzuri. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Mzuri kama picha ya kwenye boksi la sabuni.

Nyumbani, Baba alimpa mkono kama anavyompa mgeni wa kanisani. "Karibu, mama. Na Atupele amebaki wapi?"

Nikamwambia ndiye huyu.

Jumatano, 11 Juni

Ameeleza akimenya viazi. Kule barua ya kuomba kazi hubandikwa picha. Kwenye treni kuna matangazo ya kliniki za kubadili sura, mwanamke mmoja nyuso mbili: wa kabla kanuna, wa baada anatabasamu. Mwenzake ofisini alipasuliwa kope ili macho yaonekane makubwa, zawadi ya wazazi kwa kumaliza shule. Wazazi! Yeye, anasema, wenzake ofisini hawakumtukana. Walimshauri kwa upole, kama unavyomwambia mtu ana tope kwenye kiatu.

Taya ilikatwa mfupa. Mdomo wa chini na kidevu havijarudisha hisia. Madaktari walisema vitarudi. Sasa hawasemi.

Baba amekula chumbani kwake.

Alhamisi, 12 Juni

Nimesema neno baya. Tulikuwa tunafua. Nikamwambia, "Umemzika mama mara ya pili."

Hakulia. Akaweka nguo chini.

"Mimi nilizikwa naye, Dada. Nilikuwa kidato cha pili. Pale kaburini shangazi alinishika mashavu akanililia mimi, akiniita jina la mama. Tangu siku ile nani ameniangalia mimi? Wewe?"

Nikaendelea kukamua shati lile lile.

Akasema hata kule alimkuta mama. Kila asubuhi, kwenye kioo cha bafuni, marehemu anapiga mswaki. Wenzake walipomwambia apunguze taya, kwamba kila mtu anapunguza, ndipo alipojua uso unaweza kukataliwa. Alitaka wamwone mrembo, hilo hafichi. Lakini alipoingizwa chumba cha upasuaji, anasema, aliagana na mtu.

Tumeanika nguo. Hazitakauka kwa ukungu huu.

Ijumaa, 13 Juni

Nyumba imekuwa mbaya. Namsikia akikohoa jikoni, kikohozi cha mama. Naingia. Uso haupo. Baba naye anasikia, nimemwona akisimama koridoni na kikombe mkononi, hasogei. Hatuambiani.

Jumapili, 15 Juni

Kifungua kinywa, kabla ya ibada. Baba amekuja mezani leo. Atupele anakunywa uji, ukamtiririka kidevuni mpaka shingoni. Hakujua. Nilikaa tu nikitazama, aibu imenishika.

Baba akainuka. Akaupangusa kwa kiganja chake. Hakuwa amemgusa tena tangu mkono ule wa Jumanne.

"Panauma, mwana gwangu?" Mwanangu, kwa lugha ya nyumbani.

"Hapana, Baba. Sisikii kitu."

"Hata mkono wangu?"

"Hata mkono wako."

Baba hakuutoa mkono. Aliuacha palepale, akimtazama. Kwa mara ya kwanza akimtazama yeye. Kengele ya kanisa ikalia, hakuna aliyeinuka. Atupele alilia upande wa juu tu wa uso. Ule wa chini ulikaa kimya.

Tulichelewa ibada. Mzee wa kanisa akauliza mgeni ni nani. Baba akasema, "Mdogo wake Subilaga. Mwanangu."

Jumamosi, 28 Juni

Atupele ameshafika Korea. Amepiga simu ya video, Baba akaongea naye muda mrefu kuhusu ng'ombe.

Jua limetoka kidogo mchana. Nilikuwa naosha vyombo nikajaribu kumkumbuka mama, anavyoinama kwenye karo, khanga begani. Khanga ikaja. Mikono ikaja. Akageuka, na uso ulikuwa ule mpya, wa Atupele, pua nyembamba, kidevu kidogo.

Sikuufukuza. Tuliosha vyombo.